Mwongozo kamili wa kuchora ramani ya mawazo kwa pamoja mtandaoni, bila malipo

Kundi la WhatsApp linafaa sana kwa kupeana habari, lakini ni mahali pagumu pa kujenga jambo lenye sehemu nyingi. Mtu anaandika hoja saa mbili usiku, mwenzake anaijibu asubuhi, na katikati zimepita salamu, picha na tangazo la kikao. Ikifika Ijumaa hakuna anayekumbuka hoja ipi ilikubaliwa na ipi iliachwa. Ramani ya mawazo huondoa usumbufu huo kwa kuweka mawazo yote kwenye ukurasa mmoja ambao kila mwanakundi anauona na kuurekebisha, hata kama mmoja yuko Tanga na mwingine yuko Mombasa.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: walimu wachache wa Kiswahili, walioko Tanga, Morogoro na Mombasa, wanaandaa kwa pamoja notsi za fasihi simulizi kwa wanafunzi wa sekondari. Ukibadilisha mada, hatua hazibadiliki. Kundi la wanachuo wenye kazi ya pamoja, au kamati inayopanga mradi wa maji, watapita njia hiyohiyo.

Ramani yenyewe, na kazi inayoifaa

Katikati ya ukurasa kuna wazo moja. Kutoka hapo yanachipuka matawi makuu, na kila tawi lina vitawi vyake. Kila kipande hubeba neno moja au maneno machache tu. Mwingereza Tony Buzan ndiye aliyeutangaza mtindo huu kwa umma kupitia vipindi vya televisheni ya BBC mwaka 1974, ingawa michoro ya matawi ya kugawanya elimu ilikuwapo karne nyingi kabla yake. Buzan alisisitiza rangi, picha na ufupi wa maneno. Katika hayo, ufupi ndio ninaoushikilia kwa nguvu zote. Sentensi nzima ikiingia kwenye tawi, mchoro unavimba, macho yanachoka, na mnarudi kwenye maandishi marefu mliyokuwa mnayakimbia.

Ramani inafaa pale mnapotaka kugawanya mada, kukusanya maoni, kupanga sura za ripoti au kuona kazi gani ziko ndani ya mradi. Haifai kwa hesabu. Michango na bajeti iwekeni kwenye jedwali, kwa sababu ramani haijumlishi wala haitoi. Maelekezo yanayofuatana moja baada ya jingine nayo yanaeleweka vizuri zaidi yakiandikwa kwa mfululizo wa kawaida.

Kuchagua programu

Watu hupoteza muda mwingi wakilinganisha programu kwa wingi wa mapambo yake. Angalia kundi lako kwanza. Wenzako wanatumia simu au kompyuta? Je, kazi hii inaweza kuonekana na yeyote, au ni ya ndani? Na mkimaliza, mtaitoaje humo ikiwa faili mnalolimiliki wenyewe?

Kwa kazi yetu ya fasihi simulizi nachagua Coggle. Inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu. Watu kadhaa wanaweza kuhariri kwa wakati mmoja, na kila badiliko linahifadhiwa kwenye historia. Akaunti ya bure inakupa ramani 3 za faragha na ramani za wazi bila kikomo. Unaingia kwa akaunti ya Google, ambayo mwenye simu ya Android kwa kawaida anayo tayari, na jambo hilo peke yake huokoa nusu saa ya kusaidiana kwenye nywila zilizosahaulika.

Zipo nyingine zinazostahili kujulikana. MindMeister imepangiliwa vizuri na ina programu ya simu, ila bila malipo unabaki na ramani chache. Watu wengi huijaza upesi. Miro ni ubao mpana unaobeba ramani, vikaratasi vya rangi na michoro mingine. Mpango wake wa bure unaruhusu mbao 3 za kuhariri na wanakundi wengi kadiri upendavyo, lakini ni mzito kwa simu yenye uwezo mdogo. Canva ina mbao zenye violezo vya ramani, na walimu wengi wameshaizoea kwa kutengenezea vyeti na matangazo, kwa hiyo kundi lililo tayari humo lisisumbuliwe kuhama.

Anayejali zaidi kumiliki faili lake aiangalie draw.io, inayopatikana pia kwa jina la diagrams.net. Ni bure, haina mpango wa kulipia kwa mtumiaji wa kawaida, na faili linakaa kwenye Google Drive yako, OneDrive au kwenye kompyuta yenyewe. Kuchora ramani humo kunataka mkono wa subira kidogo kwa kuwa ni programu ya michoro ya kila aina. Excalidraw nayo haihitaji akaunti: unabofya kuanzisha kikao cha pamoja, unatuma kiungo, wenzako wanaingia. Mchoro hufungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya kiungo hichohicho, kwa hiyo aliye na kiungo ndiye mwenye mlango. Kipeleke kwa wahusika tu.

Kabla hujawaita wote, fanya jaribio dogo. Fungua ramani moja kwenye simu yako na kwenye kifaa kingine, andika neno huku, uone kama linatokea kule bila kuufungua upya ukurasa. Baadhi ya programu zinazojiita za ushirikiano humruhusu mtu mmoja tu kuhariri kwa zamu. Pitia pia ukurasa wa bei siku hiyohiyo, kwa maana vikomo vya mipango ya bure hubadilishwa na wenye programu bila kukuuliza.

Hatua ya kwanza: kiini na matawi makuu

Msifungue programu bado. Andikeni kwanza kwenye WhatsApp mambo mawili: kiini cha ramani na majina ya matawi makuu.

Kiini kiwe kifinyu. "Fasihi simulizi" ni pana mno. Mtu ataleta historia ya fasihi, mwingine atahamia kwenye mbinu za kufundishia, na ramani itaelekea kila upande. "Tanzu za fasihi simulizi kwa sekondari" kinatosha. Kinaeleza mada, kinaeleza msomaji, na kinampa kila mtu sababu ya kuacha nje yasiyohusika.

Matawi makuu yawe kati ya manne na saba. Kwa kazi hii tunaanza na tanzu nne zilizozoeleka kwenye shule za Tanzania: Hadithi, Ushairi, Semi na Maigizo. La tano tuliite Kapu. Humo kitaingia kila kitu ambacho mtu hajui pa kukiweka, na hakuna ramani ya pamoja niliyoiona ikiendelea vizuri bila tawi la namna hiyo. Bila Kapu, mtu mwenye wazo lisilo na mahali hulinyamazia, au hulibandika popote tu.

Kubalianeni pia tahajia. Mmoja akiandika "visasili" na mwingine "visaasili", mtajikuta na vitawi viwili vya kitu kimoja, na kutafuta neno ndani ya ramani kutaleta nusu ya majibu.

Hatua ya pili: kufungua ramani na kuwaalika wenzako

Mmoja wenu awe msimamizi. Anaingia coggle.it kwa akaunti yake, anabofya kitufe kilichoandikwa "Create Diagram", na ukurasa mtupu unafunguka ukiwa na kisanduku katikati. Anakibofya na kuandika kiini. Akikisogelea kwa kishale, alama za kujumlisha zinajitokeza pembeni. Akibofya moja, tawi jipya linatoka upande huo. Anaandika Hadithi, anarudi katikati, anaongeza Ushairi, na kuendelea hadi Kapu. Ukilibofya tawi lenyewe unaweza kulibadilishia rangi, na ukilishika kwa neno lake unaweza kulivuta kwenda mahali pengine.

Katika programu nyingi za aina hii, MindMeister na MindMup zikiwemo, kibodi ina njia ya mkato: kitufe cha Tab huzaa kitawi chini ya tawi ulilochagua, na Enter huzaa tawi jirani lake. Mwenye kompyuta akiyazoea hayo mawili, mkono wake hautarudi kwenye kipanya mara kwa mara.

Baada ya hapo, waalike wenzako kwa anwani zao za barua pepe kupitia alama ya kuongeza watu iliyo juu ya ukurasa. Wanaohariri wapewe ruhusa ya kuhariri. Mkuu wa shule au mwenzako anayetaka kuona tu kazi inavyokwenda apewe ruhusa ya kutazama. Msisite kutofautisha, kidole kikiteleza kwenye skrini ndogo kinaweza kuhamisha tawi zima bila mwenyewe kujua.

Kuhusu faragha, ramani ya notsi inaweza kuwa ya wazi bila shida. Ramani yenye majina ya wanafunzi, alama zao, namba za simu za wazazi au hali zao za kiafya isiwe ya wazi kamwe, na kwa maoni yangu isiwe mtandaoni kwenye huduma ya bure hata ikiwa ya faragha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na mwalimu anayeshika taarifa za watoto wa watu anahusika nazo moja kwa moja. Na kama umetumia kompyuta ya steshenari au ya chumba cha walimu, toka kwenye akaunti yako kabla hujainuka.

Hatua ya tatu: kila mtu peke yake kwanza

Watu wengi wanairuka hatua hii kwa haraka ya kuanza, nami ningependa muipe uzito kuliko zote.

Kila mwanakundi achukue karatasi na kalamu kwa dakika 10 hivi. Aandike yote anayoyajua chini ya matawi manne, bila kutazama ramani wala simu. Sababu ni ya kibinadamu. Anayeandika wa kwanza kwenye ukurasa wa pamoja huwavuta wengine wote wafuate njia yake. Mwalimu mgeni akiona mkuu wa idara ameshapanga tawi la Ushairi, hataandika kwamba yeye angelipanga vingine. Atanyamaza kwa heshima, na wazo ambalo huenda ndilo lilikuwa bora litabaki kifuani mwake. Karatasi inampa kila mmoja nafasi ya kufikiri kabla heshima haijaingia katikati.

Wakati wa kuingiza yaliyoandikwa, waanze wale wachanga kazini na wakubwa wafuate. Mpangilio huo hauvunji adabu, mradi msimamizi autangaze tangu mwanzo kuwa ndio utaratibu wa kazi.

Hatua ya nne: kujenga matawi

Gawaneni matawi, kila mtu tawi lake, kwa muda mliokubaliana. Aliyeshika Hadithi ataweka ngano, tarihi, visasili, vigano na soga. Wa Semi ataweka methali, vitendawili, nahau, mafumbo, misimu na lakabu. Wa Ushairi ataanza na nyimbo na maghani, na hapo kwenye nyimbo ndipo ramani inapopendeza, kwa sababu vitawi vinafuata maisha yenyewe ya watu: bembelezi za kumtuliza mtoto, nyiso za jandoni, hodiya za kazini, wawe za wakulima, kimai za watu wa baharini, mbolezi za msibani. Mwanafunzi akiyaona yote yametoka kwenye shina moja anatambua kwamba kinachoyatenganisha ni shughuli na mazingira. Aya tatu za notsi haziwezi kumwonyesha hilo kwa mtazamo mmoja namna ile.

Muda ukiisha, badilishaneni. Aliyekuwa kwenye Semi aende Maigizo, asome kilichopo, aongeze kinachokosekana. Mzunguko mmoja kwa kawaida unatosha.

Kanuni ya kushika ni moja: usifute tawi la mwenzako. Ukiona halifai, livute uliweke kwenye Kapu, na uandike herufi za mwanzo za jina lako mwishoni mwake ili aje akuulize. Kufuta kazi ya mtu bila neno kumeshavunja makundi mazuri kuliko tatizo lolote la kompyuta. Na kama kitu kimefutwa kwa bahati mbaya, msigombane. Fungueni historia ya ramani, mrudi nyuma hadi mahali kilipokuwapo, na mtengeneze nakala kutoka hapo.

Rangi zitumieni kuonyesha hali ya kazi. Kijani ni tawi lililohakikiwa, njano linasubiri mfano, nyekundu lina utata. Makundi mengi humpa kila mtu rangi yake, na inapendeza machoni, lakini haikwambii ni wapi pamebaki kazi. Anayejua nani aliandika nini ni historia ya ramani.

Mkikosa kukubaliana

Kwenye mada hii mtakosana, na ni vizuri. Mwalimu wa Mombasa ataongeza tawi la Ngomezi, yaani mawasiliano ya ngoma za mdundo wenye maana, kwa sababu vitabu vya Kenya vinalitambua kuwa utanzu kamili. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye aliipa ngomezi nafasi yake katika mgawanyo wake. Mwenzake wa Morogoro aliyezoea tanzu nne atashangaa. Halafu yatakuja majigambo: mmoja anayaweka kwenye Maigizo kwa kuwa yanatendwa mbele ya hadhira, mwingine anayataka kwenye Ushairi kwa kuwa ni maghani.

Msipige kura. Wekeni kipengele pale ambapo walio wengi wanakitafuta, na mahali pa pili muandike "majigambo, tazama Maigizo". Halafu kwenye kipengele chenyewe muongeze kitawi kinachoeleza kwa maneno machache kwa nini wataalamu wanatofautiana. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuulizwa swali hilohilo kwenye mtihani. Ikiwa ubishi unazidi maneno matano kwa kila upande, utoeni kwenye ramani mkauzungumze kwa simu, kisha mrudishe uamuzi tu.

Wenye simu ndogo na wenye bando dogo

Ramani ya vipengele 80 kwenye simu ya inchi sita ni mateso. Unakuza ili usome, unapoteza mahali ulipo, unapunguza, maandishi yanakuwa kama sisimizi. Kwa hiyo msimlazimishe kila mtu ahariri.

Chagueni karani mmoja au wawili wenye kompyuta. Wengine watume hoja zao kwa WhatsApp kwa maandishi mafupi yenye jina la tawi mbele: "Semi: lakabu, mfano…" Karani anaziingiza, na kila baada ya muda anatuma picha ya ramani ilivyo sasa. Picha hiyo itumwe kama hati, isitumwe kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp huibana picha na maneno madogo hugeuka ukungu. Ujumbe wa sauti mrefu ukataeni kwa upole. Karani hawezi kusikiliza dakika sita ili apate maneno manne.

Picha za mapambo ndani ya ramani ziachwe hadi mwisho, au ziachwe kabisa. Kila anayeufungua ukurasa anazilipia kwa bando lake.

Kwa wanaokatikiwa umeme au mtandao mara kwa mara kuna Freeplane, programu ya bure inayosakinishwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti. Haina uhariri wa pamoja wa papo kwa papo, lakini inafungua mafaili ya aina ya .mm, na Coggle inaweza kutoa ramani yake kwa aina hiyo. Mtu anachukua nakala, anafanyia kazi tawi lake usiku, kesho yake anamletea karani.

Nakala zenu wenyewe

Tarehe 31 Desemba 2024 Google iliifunga Jamboard, ubao wa pamoja uliotumiwa na shule nyingi duniani. Wenye mbao waliarifiwa mapema na wakapewa muda wa kuhamisha kazi zao. Kampuni ndogo inayotoa huduma bure haina lazima ya kuwa na subira hiyo.

Kila mwisho wa kikao, karani apakue nakala tatu: PDF ya kusoma na kuchapa, .mm ya kufungulia kwenye programu nyingine, na maandishi ya kawaida. Zote zipewe jina lenye tarehe, mathalani "fasihi-simulizi-2025-03-14", ziwekwe kwenye Google Drive ya kundi na kwenye flashi ya mtu mmoja. Picha ya PNG peke yake haitoshi, maana huwezi kuihariri.

Kutoka kwenye ramani hadi notsi

Nakala ile ya maandishi ndiyo inayoendelea na safari. Ikibandikwa kwenye Google Docs au Word inakuwa orodha iliyopangwa kwa ngazi: tawi kuu, kitawi, kitawi cha kitawi. Yageuzeni matawi makuu kuwa vichwa, na kila aliyelijenga tawi ajaze maelezo na mifano chini yake. Kabla ya hapo pitieni Kapu kwa pamoja. Kila kilichomo kipate makao, au kiondolewe kwa kauli ya wote.

Kazi ikikamilika, msimamizi awabadilishie wote ruhusa kuwa ya kutazama tu na atume kiungo cha ramani kwa wanafunzi wenye simu. Kwa darasa, pelekeni PDF steshenari ichapwe kwenye karatasi ya A3. Mkichapa kwa wino mweusi tu, rangi zote zitageuka kijivu, kwa hiyo kwanza wekeni namba mbele ya kila tawi kuu, muondoe alama za njano na nyekundu zilizobaki, na mjaribu kuisoma mkiwa mmesimama hatua tatu kutoka ukutani. Kama maneno ya pembezoni hayasomeki, igawanyeni: utanzu mmoja, karatasi moja.